Chai ya mboji: ndoo, pampu na yale ambayo mapovu hayasemi

Video zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa mbogamboga zinafanana. Ndoo ya lita 20, mpira mwembamba umeingia ndani, maji ya kahawia yanatokota bila moto na povu limefika ukingoni. Maswali yanayofuata nayo ni yale yale. Je, hii ndiyo mbolea ya maji tuliyofundishwa kutengeneza kwa kuning'iniza gunia la samadi kwenye pipa? Inachukua nafasi ya yurea? Molasi, yale masalia mazito meusi ya sukari ya miwa, ni lazima? Na mbona yangu inanuka? Wa kwanza kujibu anasema hivi, wa pili anasema vile, na ukiwasikiliza vizuri unagundua kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Vimiminika vinne vinavyochanganywa

Cha kwanza ni maji ya mchuruziko. Rundo la mboji au boksi la minyoo likimwagiliwa, chini hutoka maji meusi. Yamepita tu kwenye tabaka zilizooza na zisizooza, yakabeba chumvichumvi na chochote kilichokuwemo. Kuna wanaoyatia kwenye chupa na kuyauza kama chai ya minyoo. Yakizimuliwa yanaweza kuusaidia mmea, lakini hakuna aliyeyaandaa. Yamechuruzika yenyewe.

Cha pili ni chai ya samadi. Gunia la kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku linaning'inizwa kwenye pipa la maji kwa wiki mbili hivi, linatikiswa kila baada ya siku chache, kisha maji yanazimuliwa mpaka rangi iwe hafifu. Hii ni mbolea kwelikweli, maana naitrojeni na potasiamu vinayeyuka humo na mmea unavipata haraka. Inanuka kwa sababu uozaji wa ndani ya pipa haupati hewa. Na kwa kuwa malighafi yake ni samadi mbichi, vijidudu vilivyotoka tumboni mwa mnyama vinaweza kuwa hai hata baada ya wiki hizo mbili.

Cha tatu ni dondoo la mboji. Mboji iliyoiva inatiwa majini, inakorogwa kwa nguvu dakika chache, inachujwa na kumwagwa siku hiyo hiyo. Hakuna mtambo wala kusubiri.

Cha nne ndicho kile cha kwenye video, yaani chai ya mboji iliyopigwa hewa. Mboji iliyoiva inawekwa kwenye maji yanayosukumiwa hewa mfululizo kwa siku moja au siku moja na nusu, mara nyingine na chakula kidogo cha bakteria kama molasi, ili viumbe hai vya kwenye mboji vitoke, viishi na vizaliane majini kabla ya kupelekwa shambani. Aliyeieneza zaidi duniani ni Elaine Ingham, mtaalamu wa viumbe hai vya udongo kutoka Oregon, Marekani, tangu miaka ya 1990. Wenye kumkosoa wako huko huko Marekani, vyuoni.

Kumbuka neno moja limejirudia kwenye cha tatu na cha nne: mboji iliyoiva. Mboji ni mabaki ya mimea na samadi yaliyoozea kwenye rundo lenye hewa na unyevu mpaka huwezi tena kutambua yalikuwa nini. Rundo lililojengwa vizuri hupanda joto. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka rundo la wazi likae kati ya nyuzi joto 55 na 77 kwa siku zisizopungua 15, likipinduliwa mara tano ndani ya muda huo. Joto hilo ndilo linalomaliza vimelea vya kinyesi na kuua mbegu za magugu. Mtu asiye na kipima joto huchomeka nondo katikati ya rundo, huiacha dakika 10, kisha huichomoa. Kama anaweza kuishika bila wasiwasi, rundo bado halijafika mahali pake.

Kinachofanyika ndani ya ndoo

Aliyewahi kuumua unga wa maandazi ameshaelewa nusu ya jambo hili. Hamira, sukari, uvuguvugu, na saa kadhaa za kungoja. Sukari haizai hamira, bali inaikuza ile uliyotia. Ukitia hamira iliyokufa, ongeza sukari utakavyo, unga utalala vilevile. Ndani ya ndoo yetu mboji ndiyo hamira na molasi ndiyo sukari. Siku za joto la Dar es Salaam mambo yanakwenda mbio kuliko asubuhi za baridi za Njombe au Limuru. Mboji duni iliyopigwa hewa siku nzima inabaki duni, isipokuwa sasa iko kwenye maji.

Tofauti na hamira ni kwamba ndoo ina viumbe wa kila namna. Kijiko kimoja cha chai cha mboji nzuri kinaweza kubeba bakteria bilioni moja. Kuna kuvu, kuna protozoa wanaokula bakteria na kuachia naitrojeni iliyokuwa miilini mwao, na kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo mingi yake haina uhusiano na ile inayofanya mafundo kwenye mizizi ya nyanya. Wanaozaliana haraka ni bakteria, wengine mmoja akigawanyika kuwa wawili ndani ya nusu saa wakipata chakula. Protozoa huja nyuma yao. Kuvu huwa haziongezeki sana ndani ya muda huo mfupi, na zile utakazozikuta kwenye chai ni zile zilizobanduka kutoka kwenye mboji yenyewe.

Bakteria wakiongezeka wanapumua zaidi, na oksijeni ya kwenye maji ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu. Ndiyo maana mtu wa Tanga hawezi kunakili tu kipimo cha mtu wa Oregon. Wa nyanda za juu naye asijipongeze mapema. Nairobi ina baridi inayofaa, lakini iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji ya nyuzi 20 pale yanaishia na oksijeni karibu sawa na maji ya nyuzi 30 ya Dar es Salaam. Wanaotengeneza chai hii kwa umakini wanataka oksijeni isishuke chini ya miligramu 6 hivi kwa lita. Maana yake ni kwamba kwetu nafasi ya kukosea ni finyu, uwe pwani au bara.

Oksijeni ikiisha, wale wanaoihitaji wanalala au kufa, na wasioihitaji wanashika zamu. Hapo ndipo harufu ya mayai viza inapoanza. Kwa hiyo pampu haiko pale kwa ajili ya kukoroga maji, ingawa inayakoroga pia. Iko pale kurudisha oksijeni kwa kasi ile ile inayoliwa.

Kuunda mtambo

Jirani akisikia kitu kinatokota uani usiku kucha anaweza kudhani umeanza kupika gongo, basi mweleze mapema.

Unahitaji ndoo ya lita 20 ambayo haikuwahi kuwa na dawa za mimea wala rangi ya mafuta. Ndoo za mafuta ya kula zinafaa zikioshwa vizuri. Jaza maji lita 16 tu, maana povu linahitaji nafasi.

Pampu ni ile ya hewa inayotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Kwenye boksi lake tafuta lita kwa dakika. Kipimo cha chini kinachotumiwa na wengi ni zaidi kidogo ya theluthi ya lita ya hewa kwa dakika kwa kila lita ya maji, kwa hiyo lita 16 zinataka hewa lita 6. Ningenunua yenye 8 au 10, kwa sababu namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikipuliza bila mzigo, na ukiishusha hewa kwenye kina cha sentimita 30 za maji inapungua. Vipampu vidogo kabisa vya lita 2 au 3 vinatoa mapovu ya kupendeza na oksijeni isiyotosha. Umeme si wa kuogopesha, kwani pampu ya ukubwa huu hula wati chache, kama balbu ya kisasa.

Sehemu ya kutolea hewa ndiyo inayowatofautisha wanaodumu na wanaoacha. Vile vijiwe vya hewa vinavyouzwa pamoja na pampu vinatoa mapovu madogo, na mapovu madogo huyeyusha oksijeni vizuri. Lakini baada ya mizunguko michache ute wa bakteria unaziba matundu yake, na kuusafisha ute ulioingia ndani ya jiwe ni kazi bure. Mbadala wake ni bomba la plastiki la nusu inchi. Kata vipande vifupi, viunganishe kwa tii na elbo upate umbo la H linalokaa sakafuni mwa ndoo, ziba ncha kwa kofia, kisha toboa matundu ya milimita 2 au 3 kila baada ya sentimita chache, yakitazama chini. Usigundishe kwa gundi. Viungo vikikaa kwa kubanwa tu, siku ya kuosha unavitoa kimoja kimoja na kupitisha brashi. Mapovu yatakuwa makubwa kidogo, ndiyo maana tumenunua pampu yenye nguvu.

Bomba lililojaa hewa huelea, kwa hiyo lifunge kwenye jiwe safi. Na pampu ikae juu ya usawa wa maji, kwenye stuli au kwenye msumari ukutani. Umeme ukikatika, maji hurudi kwa kunyonywa kupitia ule mpira hadi kwenye pampu iliyo chini, na huo ndio mwisho wa pampu, kama si wa nyaya za nyumba. Kuna vali ndogo ya plastiki ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Iweke hata kama pampu iko juu.

Mfuko wa mboji uwe wa kitambaa chenye matundu ya kupitisha maji na viumbe lakini si takataka. Wengi hukimbilia chandarua kilichochakaa. Vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na sioni sababu ya kuiloweka dawa hiyo saa 24 kwenye maji ya kumwagia mchicha. Soksi ndefu ya nailoni inafaa. Shela ya zamani inafaa. Ning'iniza mfuko katikati ya maji, usiukandamize chini, ili hewa ipite chini yake na pembeni. Wengine humwaga mboji moja kwa moja ndani na kuchuja mwishoni. Viumbe hutoka vizuri zaidi, ila ukitumia bomba la mgongoni la kupulizia utazibua nozeli mchana kutwa.

Anayetaka kuhamia pipa la lita 200 asifikirie kuzidisha mboji peke yake. Hewa nayo inazidishwa, inafika lita 75 kwa dakika, na hapo pampu za akwariamu hazifui dafu. Tafuta zile za wafugaji wa sato na kambale. Ushauri wangu ni kubaki na ndoo mpaka uwe na sababu.

Maji, mboji na saa

Maji ya bomba ya mjini yana klorini, na klorini imewekwa humo ili iue bakteria. Yajaze kwenye ndoo, washa pampu bila kutia kitu kingine, yaache usiku kucha. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Maji ya kisima ya pwani yaonje kwanza. Kama yana chumvi unayoihisi ulimini, yanayopata taabu si bakteria tu, hata mimea yako haitakushukuru.

Mboji, nusu kilo hadi kilo moja kwa lita 16. Iwe na unyevu, iwe na harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza. Harufu hiyo ina mwenyewe, ni kemikali iitwayo jeosmini inayotolewa na kundi la bakteria wa udongo. Mboji inayonuka amonia haijaiva, iache.

Weka ndoo kivulini. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, saa 18 hadi 24 zinatosha. Kwenye nyuzi 20, saa 24 hadi 36. Wanaoacha siku tatu wakidhani inazidi kukolea wanajidanganya, maana chakula kimekwisha zamani na wakazi wa ndoo wanakulana.

Ukizima pampu, saa imeanza kuhesabu. Itumie ndani ya saa 4 hadi 6. Kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika kwa muda mrefu katikati ya kazi, toa mfuko na koroga kwa mkono kila baada ya dakika chache ikiwa unategemea utarudi karibuni. Ikiwa ni mgao wa saa 8, mwaga chai yote kwenye rundo la mboji na uanze upya siku nyingine. Kwa maeneo ambayo umeme haueleweki, pampu ya volti 12 inayotumia betri ya sola inakuondolea kero hii.

Zimua kwa maji yasiyo na klorini, moja kwa tano au moja kwa kumi, umwage kwenye udongo uliokwisha kulowa, jioni. Jua kali huua bakteria walio wazi, na udongo mkavu unaochoma nao ni vivyo hivyo. Usitumie bomba la mgongoni ulilopulizia mankozebu wiki iliyopita. Dawa hiyo inaua kuvu, na mabaki yake hayatofautishi kuvu mbaya na nzuri. Ukimaliza, vunja mtambo papo hapo, osha kila bomba na mpira kabla ute haujakauka, pitisha maji yenye jiki kidogo, suuza, anika juani. Machicha ya mboji yarudi kwenye tuta. Bado ni mboji.

Sasa molasi

Nimeiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo sehemu inayopendwa zaidi na ndiyo yenye hatari.

Watafiti wa Marekani walichukua chai ya mboji na kuitia kwa makusudi vijidudu viwili vinavyoumiza watu, Salmonella na ile aina ya E. coli inayosababisha kuhara damu. Pasipo molasi, vijidudu hivyo havikuongezeka kwa kiasi cha maana. Ilipotiwa molasi vilizaliana, na kadiri molasi ilivyozidi navyo vilizidi. Kiwango kilichotia shaka kubwa kilikuwa kama asilimia 1. Sasa rudi kwenye maelekezo yanayosambaa, "kikombe kimoja cha molasi kwa ndoo". Kikombe cha mililita 250 kwenye lita 16 ni zaidi ya asilimia 1.5. Kijiko kimoja cha mezani ni karibu asilimia 0.1.

Mwaka 2004 jopo lililoundwa chini ya Bodi ya Taifa ya Viwango vya Kilimo Hai ya Marekani lilipendekeza kwamba chai ya mboji iliyotiwa vyakula vya bakteria ipimwe kwanza vijidudu vya kinyesi. Isipopimwa, ichukuliwe kama samadi mbichi. Na sheria ya samadi mbichi huko ni siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, siku 90 kwa mengine. Mchicha wa mabonde ya Dar es Salaam hung'olewa kati ya wiki ya tatu na ya tano tangu kusiwa. Siku 120 ni mizunguko mitatu hadi mitano ya mchicha. Kwa mkulima wa mchicha, giligilani, letusi au chochote kinachoishia kwenye kachumbari, sheria hiyo inamaanisha kitu kimoja tu, usitie molasi.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Kwa mboga za majani na vyote vinavyoliwa vibichi, tengeneza bila molasi, mwaga kwenye udongo kabla ya kupanda au mche ukiwa mdogo, na usinyunyizie majani. Kwa migomba, mipapai, miparachichi na maua, kijiko kimoja cha mezani kwa ndoo hakinisumbui. Mboji iliyotokana na samadi ambayo hujui kama rundo lilipata moto isiingie kabisa kwenye ndoo, iwe na molasi au bila. Harufu haitakuokoa hapa. Chai inaweza kunukia udongo safi na bado ikabeba Salmonella, kwa sababu kijidudu hicho kinaishi vizuri penye oksijeni na pasipo nayo.

Yanayosemwa

"Povu jingi, chai kali." Povu hutokana na protini na sukari zilizomo majini zikikutana na mapovu ya hewa. Kuongeza molasi kunaongeza povu. Sabuni iliyobaki kwenye ndoo inaongeza povu. Wala chai nzuri isiyo na povu si ajabu.

"Inatosha badala ya mbolea." Tupige hesabu. Nusu kilo ya mboji yenye unyevu wa nusu kwa nusu ina gramu 250 za kitu kikavu. Ikiwa naitrojeni ni asilimia 1.5, hizo ni gramu 4 hivi. Hata kama zote zingeyeyuka, jambo ambalo halitokei, ni sawa na naitrojeni iliyo kwenye vijiko viwili vya chai vya yurea. Umegawanya vijiko viwili hivyo kwenye ndoo nzima ya lita 16, ukazimua mara kumi, ukamwagilia bustani. Mahindi yaliyogeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni hayatapona kwa hilo. Chai ya samadi, pamoja na uvundo wake, inailisha mimea kuliko hii. Kinachopelekwa na chai ya mboji ni viumbe, nao wanahitaji kukuta chakula kwenye udongo, yaani mboji, matandazo na mizizi. Kwenye mchanga mtupu uliokauka hawana cha kufanya.

"Inaua magonjwa na wadudu." Hapa ushahidi una sura mbili. Majaribio ya Oregon yaliyochapishwa mwaka 2004 yaliona chai iliyopigwa hewa ikizuia kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuanguka kitaluni. Mapishi yaliyofanya kazi kwa uhakika zaidi yalitumia unga wa mwani na asidi ya humiki, na ya molasi hayakuaminika. (Mwani wenyewe ni wa bahari za baridi, si ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar.) Watafiti hao hao walipoipulizia kwenye majani dhidi ya ukungu wa kijivu, chai nyingi hazikutoa kinga ya maana, na kupiga hewa kwenyewe hakukuleta tofauti. Mambo yanabadilika kutoka mboji hadi mboji, hata kutoka ndoo hadi ndoo. Anayekuuzia chai hii kama tiba ya bakajani au mnyauko bakteria anakuuzia matumaini. Kuhusu kantangaze, mdudu wa nyanya, yule kiwavi yumo ndani ya jani akila, hana habari na bakteria wako.

"Inapatikana kwenye chupa, inakaa mwaka mzima." Viumbe wanaopumua oksijeni, wakifungiwa kwenye chupa ya plastiki, huimaliza iliyomo baada ya saa chache. Chupa hiyo inaweza kuwa na kitu kingine chenye manufaa, kama vijidudu vilivyolazwa au virutubisho vilivyoyeyushwa, lakini si chai ya mboji iliyopigwa hewa. Kwa Tanzania, kinachouzwa kama mbolea kinapaswa kusajiliwa na TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea. Uliza namba ya usajili kabla ya kuuliza bei.

Je, inafaa kuhangaika?

Mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba na rundo zuri la mboji, kwa maoni yangu, hahitaji pampu. Atandaze mboji yenyewe, kilo kadhaa kwa kila mita ya mraba, atakuwa amepeleka viumbe, chakula chao na makazi yao kwa mkupuo mmoja. Akitaka kitu cha kumwaga, dondoo la kukoroga dakika chache linatosha kwa udongo, na hata baadhi ya wafuasi wa Ingham hulitumia zaidi kuliko chai yenyewe wanapohudumia udongo.

Pampu inaanza kuwa na maana pale mboji nzuri ni kidogo na eneo ni kubwa, kwenye vitalu vya miche, au kwa mtu anayependa kujaribu. Kwa huyo wa mwisho, njia ya kujua ukweli wa shamba lake ni kugawa tuta moja sehemu tatu, zipate mche wa aina moja, siku moja. Sehemu ya kwanza imwagiwe maji matupu, ya pili dondoo, ya tatu chai iliyopigwa hewa, kiasi kile kile cha maji kwa zote. Weka vijiti vya alama, na usimwambie anayekusaidia kuvuna kijiti kipi ni cha nini. Pima mavuno kwa mizani. Rudia msimu wa vuli na wa masika, kwa sababu mvua kubwa inaweza kufuta tofauti iliyokuwepo au kuonyesha ambayo haipo. Ikiwa sehemu ya pili na ya tatu zinalingana misimu yote miwili, pampu bado ina kazi kwenye tangi la samaki.